UZI: Wanalipua tani 18 za baruti ubavuni mwa manowari yao wenyewe, tena makusudi

FundiTaruma (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Juzi kijana wangu wa karakana alinionyesha kwenye simu picha ya meli kubwa ya kubebea ndege za kivita, na pembeni yake maji yamenyanyuka kama kilima cheupe. Akaniuliza, "Mjomba, hawa wameshambuliwa na nani?" Nikamwambia hawajashambuliwa na mtu, wamejilipulia wenyewe, wanaijaribu kama itastahimili. Akacheka, akajua namtania. Basi nimeona nilete uzi, maana najua humu pia wapo watakaocheka.

Ile meli ni USS Gerald R. Ford ya Marekani. Mwaka 2021 waliipeleka baharini, kilomita 160 hivi kutoka pwani ya Florida, wakalipua baruti karibu nayo mara tatu: tarehe 18 Juni, 16 Julai na 8 Agosti. Kila mara pauni 40,000, ambazo ni tani 18 na ushei. Ule wa kwanza ulinaswa na vyombo vya kupimia matetemeko ya ardhi, vikausoma kama tetemeko la 3.9. Na humo melini mabaharia walikuwamo. Hawakushushwa.

Mimi ni fundi wa injini za meli, si askari. Umri wangu mwingi umeishia chini kabisa ya sitaha, kwenye joto na harufu ya dizeli, kwa hiyo naliangalia jambo hili kwa jicho la fundi. Watu wengi wanaamini manowari inakufa kwa kutobolewa. Mara nyingi haifi hivyo. Inakufa kwa kutikiswa. Tundu linazibika, milango ya kuzuia maji inafungwa, pampu zinawashwa. Lakini pampu yenyewe ikiwa imeng'oka kwenye bolti zake, umeme umekatika na bomba la maji ya kuzimia moto limepasuka, hapo utaziba tundu kwa nini?

Waingereza walifundishwa somo hili kwa ukali tarehe 21 Novemba 1939. HMS Belfast, meli mpya kabisa, ilikuwa inatoka Firth of Forth kule Scotland ikapita juu ya bomu la sumaku lililotegwa na Wajerumani. Bomu halikuigusa hata. Lililipuka chini, kwenye maji. Tundu lililopatikana lilikuwa dogo kwa kiasi cha kushangaza, lakini mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, ulivunjika na mitambo ya ndani ikasagika. Meli ilirudi kazini Novemba 1942. Miaka mitatu! Ndipo wahandisi walipoanza kujiuliza swali ambalo hawakuwa wameliuliza sawasawa: bamba letu la chuma limestahimili, mbona kilicho ndani kimekufa?

Nitaendelea. Wenye maswali tupieni.

Kibatari

Naweka mkeka hapa. Chai ipo?

MsemaKweli_Bara

Mkuu kwa heshima zote, hizi ni sinema za bajeti. Meli ya mabilioni ya dola unailipulia baruti ili iweje? Si wana kompyuta hao? Wapige hesabu, mambo yaishe.

FundiTaruma

@MsemaKweli_Bara nakuja kwako, swali lako lina uzito kuliko unavyodhani. Kwanza nimalize la maji, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Hewa ni godoro, maji ni nondo. Ukigonga godoro upande huu, aliyelala upande ule hasikii kitu. Ukigonga nondo ncha hii, aliyeshika ncha nyingine anasikia mpaka kwenye meno. Hewa inabanika, kwa hiyo inameza nguvu ya mlipuko. Maji hayabaniki kirahisi, kwa hiyo yanaipitisha. Na yanaipitisha upesi: sauti kwenye hewa inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwenye maji inakaribia 1,500.

Bomu likilipuka majini, meli inapigwa mapigo mawili ya tabia tofauti. La kwanza ni wimbi la mshtuko. Ni kali na fupi mno. Linalipiga bamba la meli teke moja, na teke lile linapanda kwenye mataruma (mbavu za meli), kwenye sitaha, kwenye miguu ya injini, kwenye rafu za mitambo, mpaka kwenye nyayo za watu. Zama za vita kuu ya pili mabaharia walivunjika mifupa ya visigino kwa sababu tu walikuwa wamesimama wima wakati sitaha inaruka kwenda juu.

La pili ni kiputo. Baruti ikishalipuka inaacha gesi ya moto, na gesi ile inatengeneza kiputo kikubwa chini ya maji. Kinatanuka mpaka kinapitiliza, maji yanakibana kirudi, kinasinyaa, kinatanuka tena, huku kinapanda. Kinakuwa kama kinapumua. Meli ndefu nayo ina mchezo wake wa kujikunja, kama ubao uliowekwa juu ya mawe mawili. Pumzi za kiputo zikilingana na mchezo wa meli, ni kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi. Meli inacheza kama fimbo.

Kiputo kikiwa chini ya tumbo la meli ndiyo balaa. Kinainyanyua katikati, omo na shetri, yaani mbele na nyuma, zinaning'inia. Mara kinasinyaa, katikati hapana tena kitu cha kuishikilia, meli inajikunja upande wa pili. Kunja kijiti cha mshikaki juu, kisha chini, uone. Mwaka 1999 Waaustralia walifanyia hivyo meli yao chakavu, HMAS Torrens: nyambizi HMAS Farncomb iliipiga torpido moja (bomu linalojiendesha lenyewe majini) lililolipuka chini yake, ikakatika vipande viwili. Na Machi 2010 meli ya Korea Kusini, Cheonan, ilikatika hivyo hivyo, wakafa mabaharia 46. Tume ya wachunguzi wa nchi kadhaa ilisema ni torpido la Korea Kaskazini. Wao wenyewe Kaskazini wanakana mpaka leo.

BintiMoa

Kaka FundiTaruma, mimi kwetu ni pwani ya Tanga, na hiki unachokieleza kwetu si kigeni. Ni uvuvi wa baruti. Watu wanadhani samaki wa baruti anauawa na vipande au moto. Hapana. Ukimpasua unamkuta nje mzima, magamba yapo, ila ndani kibofu chake cha hewa kimepasuka na damu imetapakaa, na miiba imeachana na nyama. Mama zetu sokoni walikuwa wanawajua kwa kushika tu, nyama inalegea.

Na wengi hawaelei. Wanazama. Ndiyo maana wapiga baruti wanaruka na miwani kuwaokota chini.

Kwa hiyo manowari nayo ni kama samaki? Nje nzima, ndani imekufa?

FundiTaruma

Dada, umenieleza Belfast yote kwa mstari mmoja. Ndivyo. Na sababu ni ileile. Mwili wa samaki karibu wote ni maji, wimbi linapita tu. Kile kibofu ndicho hewa, na pale maji yanapokutana na hewa ndipo panaporaruka. Meli ni kibofu kikubwa cha chuma.

Yakhe_wa_Mtongwe

Maalim, salamu kutoka Mombasa. Sasa wataka kuniambia baharia amekaa ndani, ajua baruti yaja, na yuwanywa chai? Mie ningeruka majini nikaogelee hadi Lamu.

FundiTaruma

@Yakhe_wa_Mtongwe ukiruka majini ndiyo umekwisha, soma post ya dada hapo juu 😂 Bora ubaki ndani.

Wanatangaziwa, wanahesabiwa sekunde, wanalegeza magoti, kila kitu kimefungwa. Na hapa kuna ujanja ambao watu hawauoni. Tani 18 inasikika kama wanataka kuizamisha. Lakini baruti ile haiwekwi karibu. Wahandisi wana kipimo chao kimoja cha haraka: unachukua kipeuo cha pili cha uzito wa baruti, unagawanya kwa umbali. Tani 18 ni kilo 18,000, kipeuo chake ni 134 hivi. Ukiiweka mita 134, unapata moja. Bomu la kilo 100, kipeuo chake ni kumi. Ukiliweka mita 10, unapata moja vilevile. Kwa kipimo hiki ni sawa!

Basi kwa nini usiweke la kilo 100 karibu, ukaokoa baruti? Kwa sababu la karibu linapiga sehemu moja. Linaweza kutoboa bamba hapo, na kule shetri mtu asisikie kitu. Kubwa la mbali linaitikisa meli yote kwa pamoja, kila chumba kinapata sehemu yake, na bamba linabaki zima. Wanachotaka ni mtikisiko bila tundu. Wanaanza mbali, kila mlipuko unaofuata wanasogea, na hawafiki kiwango cha juu kabisa ambacho meli ilibuniwa kukistahimili. Si wendawazimu.

(Kipimo hicho ni cha kukadiria tu, msije mkafanyia mtihani nacho. Kina cha maji, aina ya sakafu ya bahari, vyote vinabadili mambo.)

MsemaKweli_Bara

Bado hujanijibu la kompyuta.

FundiTaruma

Sawa mkuu. Kompyuta wanazo na wanazitumia sana. Lakini kompyuta inajibu kuhusu meli uliyoichora. Meli iliyojengwa ni nyingine. Kwenye mchoro hakuna fundi aliyesahau kukaza nati Ijumaa jioni. Hakuna waya uliopitishwa kwa njia ya mkato ukaegemea kona kali. Hakuna kabati la vyombo lililowekwa baadaye na mtu wa jikoni bila kumwambia mhandisi.

Nikupe mfano wa kazini kwangu. Jenereta linakuja na cheti kwamba limejaribiwa kwa mtikisiko. Kweli limejaribiwa. Kisha sisi tunalifunga, na sentimita mbili kutoka kwake kuna bomba la mtu mwingine. Lile jenereta linakaa juu ya mauntini za mpira, na kazi ya mauntini ni kuliacha licheze. Likicheza, linagonga bomba. Jenereta zima, bomba limekwenda. Cheti hakikudanganya, ila kilipimwa peke yake.

Na kupima kimoja kimoja nako wanafanya. Wamarekani wana masharti yao tangu zamani. Kifaa kidogo, kama swichi au pampu ndogo, kinafungwa kwenye bamba, halafu nyundo ya kilo 180 hivi inaachiwa kukigonga: mara tatu kutoka juu, mara tatu kutoka nyuma, mara tatu kutoka ubavuni, kila mara kutoka urefu unaozidi. Kifaa kikubwa kinapata nyundo ya zaidi ya tani moja. Kile kizito kupita uwezo wa nyundo kinawekwa kwenye tishari maalumu lililofunikwa, linasukumwa kwenye bwawa, kisha zinalipuliwa kilo 27 za baruti majini pembeni yake. Mara ya mwisho baruti inakuwa umbali wa mita sita tu. Na wanagawa vifaa madaraja mawili. Daraja la kwanza lazima kiendelee kufanya kazi baada ya kugongwa. Daraja la pili si lazima kifanye kazi, ila kisiruke kikamuua mtu au kikaharibu cha daraja la kwanza. Mimi hili la pili nalipenda kuliko lote. Friji ya jikoni inaruhusiwa kufa, hairuhusiwi kutembea.

Meli nzima ndiyo mtihani wa mwisho, wa kuona kama wale waliofaulu mmoja mmoja wanaweza kukaa nyumba moja.

Na kuhusu bajeti: kwa Ford, jeshi lao la majini lenyewe ndilo lililotaka kuahirisha jaribio, lifanyiwe meli ya pili ya aina ile ili Ford iwahi kazini. Wakubwa wao wa wizara ya ulinzi wakakataa. Kabla ya Ford, mara ya mwisho kwa meli ya kubeba ndege kupitia jaribio hili ilikuwa USS Theodore Roosevelt mwaka 1987. Katikati hapo miaka 34 imepita, na Ford ina mitambo mipya mingi, hata ya kurushia ndege ni ya umeme wa sumaku badala ya mvuke. Sasa mkuu, wewe ungekubali kukaa humo bila kuitikisa kwanza?

MsemaKweli_Bara

Mimi nisingekaa humo kabisa. Ila la bomba na jenereta nimekuelewa.

Mswahili_Muscat

Assalaam aleikum. Mimi niko Oman, nimezaliwa huku, wazee wangu wa Unguja. Marehemu baba alifanya kibarua kwenye chelezo Dubai, na meli moja hakuacha kuisimulia: USS Samuel B. Roberts.

Ilikuwa 14 Aprili 1988, vita vya Iran na Iraq bado vinaendelea, bahari yote ya Ghuba imetegwa mabomu. Roberts iligonga moja, aina ya M-08. Na hiyo 08 ni mwaka 1908, muundo wa Kirusi wa zama za mfalme wao! Baruti yake kilo 113 hivi. Lilifungua tundu la mita nne na nusu, mkuku ukavunjika, mashine za kuendeshea meli zikang'oka zilipokaa, chumba cha injini kikajaa maji. Sitaha ya juu ikaanza kupasuka, mabaharia wakaifunga kwa kamba za chuma kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni. Walipigana na maji na moto kwa saa kadhaa. Kumi hivi waliumia, hakufa hata mmoja.

Ikavutwa hadi Dubai, kisha ikapakiwa mgongoni mwa meli nyingine, Mighty Servant 2, ikarudishwa kwao. Baba alikuwa akisema, "Nimeona meli imebebwa na meli kama mtoto." Matengenezo karibu dola milioni 90. Bomu lenyewe wanasema thamani yake ni kama dola 1,500.

Kwa hiyo MsemaKweli, hesabu ya bajeti ndiyo hiyo.

FundiTaruma

Waaleikum salaam. Allah amrehemu mzee. Umegusa jambo: meli ile ilipona kwa chuma chake, na kwa mikono ya waliomo. Kuna kitu jaribio linawafundisha mabaharia ambacho nyundo haiwezi. Wanasikia sauti ile angalau mara moja kabla ya siku yenyewe.

Na kwa kuwa tuko Ghuba: 18 Februari 1991, USS Princeton ililipukiwa na mabomu ya aina ya kisasa zaidi, yale yanayolala chini na kusubiri kivuli cha meli. Haikuguswa, ilitikiswa. Usukani ukakwama, sitaha za juu zikapata nyufa. Lakini mitambo yake ya kujilinda ilirudi kazini upesi na meli ikabaki zamu zaidi ya siku moja mpaka ikapata wa kuipokea. Meli ya ukoo uleule, USS Mobile Bay, ilikuwa imepitia jaribio la mshtuko mwaka 1987. Siwezi kusema hiki kilizaa kile moja kwa moja, ila nikiwa fundi najua ningeweka pesa yangu wapi.

Kibatari

Chai imeisha, nimehamia kahawa. Vipi kuhusu makombora sasa? Hayo si yanakuja juu, hayahusiani na maji.

Nanga_Kavu

Naomba nijibu hili, nimelisoma sana. Kombora lina hatari tatu: kichwa chake chenye baruti, kasi yake, na mafuta yake. Watu wanasahau mafuta. Vita vya Falklands, 4 Mei 1982, manowari ya Waingereza HMS Sheffield ilipigwa Exocet moja, kombora la Kifaransa la kupigia meli. Wakafa 20. Kwa miaka mingi watu walibishana kama kichwa kililipuka au hakikulipuka. Kilichokuwa wazi ni kwamba bomba kuu la maji ya kuzimia moto lilikatika, moto ukala meli. Siku chache baadaye ikazama ikiwa inavutwa. USS Stark ya Marekani nayo, 17 Mei 1987 huko huko Ghuba: Exocet mbili. Ya kwanza haikulipuka kabisa, ilimwaga mafuta yanayowaka ndani ya vyumba walikolala watu. Ya pili ikalipuka. Wakafa 37.

Majaribio ya makombora yana njia mbili. Moja ni kupima kama meli inaweza kuliangusha kombora kabla halijafika. Huwezi kufanya hilo na watu ndani. Mwaka 1983 chombo cha mazoezi kisicho na rubani kililengwa na USS Antrim, kikaanguka, kikadunda juu ya maji na kuingia melini, akafa mtu mmoja raia. Sasa Wamarekani wana meli isiyo na mtu, zamani ikiitwa USS Paul F. Foster, inaendeshwa kwa rimoti kwenye pwani ya California. Inavuta tishari nyuma yake, makombora yanalenga tishari, na mitambo ya meli inajitetea. Vipande vikiipata, hakuna wa kuomboleza.

Njia ya pili ni kuchukua meli iliyostaafu na kuipiga mpaka izame. Kila zoezi la RIMPAC, mazoezi ya majeshi ya majini ya nchi nyingi kule Hawaii, wanafanya. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya meli yao iliyostaafu, Tarawa. Lakini kubwa kuliko zote ni USS America, meli ya kubeba ndege, mwaka 2005. Wiki nne hivi walikuwa wanailipua, nje na ndani, juu na chini ya maji, wanapima. Mei 14 ikazama. Hapo kabla hakuna manowari kubwa kama ile iliyowahi kuzama. Maelezo mengi ya waliyoyapima wameyafungia.

Yakhe_wa_Mtongwe

Wiki nne! Na wazee walohudumu ndani yake walisemaje?

Nanga_Kavu

Wengi hawakupenda. Walitaka ifanywe makumbusho. Lakini data ile ndiyo ilikuwa inahitajika kwa kubuni meli mpya kama hiyo Ford ya mleta uzi.

Mjukuu_wa_Rufiji

Samahani wakuu, mbona hamjaitaja Königsberg yetu, ile manowari ya Wajerumani? Julai 1915 Waingereza waliipiga mizinga ndani ya delta ya Rufiji mpaka Wajerumani wakailipua wenyewe.

FundiTaruma

Karibu mkuu. Königsberg si jaribio, ni vita kamili, lakini umenipa mfano ambao sikuufikiria. Tarehe 11 Julai 1915 zile manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ziliisaga vibaya, na nahodha Looff akaamuru ilipuliwe kwa vichwa vya torpido vya meli yenyewe ili isitekwe. Bamba limekufa, moto umepita. Lakini mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa, ikafungwa magurudumu, ikavutwa bara kupigana upya upande wa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Ni Belfast iliyopinduliwa: ganda limekufa, kiini kizima. Ukifika Fort Jesus Mombasa, mmoja upo pale.

Yakhe_wa_Mtongwe

Upo. Karibu na mzinga wa Pegasus, ile meli ya Kiingereza ambayo Königsberg yenyewe iliizamisha Unguja mwaka 1914. Nimepanda juu ya yote miwili nikiwa mdogo, mlinzi akanifukuza.

Kibatari

Na nyuklia? Nilisikia walijaribu na hiyo.

FundiTaruma

Walijaribu. Bikini, visiwa vya Marshall, Julai 1946. Walikusanya meli zaidi ya 90, zao na zilizotekwa za Wajapani na Wajerumani, wakazilipulia mabomu mawili. La kwanza lilidondoshwa na ndege, likakosa shabaha kwa mamia ya mita. Meli waliyoipaka rangi nyekundu ya machungwa ili ilengwe, USS Nevada, haikuzama. La pili, tarehe 25 Julai, lilining'inizwa mita 27 chini ya maji. Hilo ndilo lililowashtua. USS Saratoga na Nagato ya Kijapani zilizama, lakini tatizo lilikuwa zile zilizobaki zinaelea. Maji yenye sumu ya mionzi yalizimwagikia zote, wakasugua kwa sabuni, kwa brashi, kwa mchanga, hazikusafishika. Jaribio la tatu wakalifuta. Wenyeji wa Bikini, watu 167, walihamishwa Machi ile kwa kuambiwa ni kwa muda. Kwao ni kwao tu kwa jina mpaka leo.

Mwaka 1965 walitaka kujua upepo wa mlipuko wa nyuklia unaifanyaje meli, lakini bila nyuklia. Kwenye kisiwa cha Kahoolawe, Hawaii, wakapanga tani 500 za TNT ufukweni kama kichuguu, na meli USS Atlanta imetia nanga karibu. Wakalipua. Mara tatu, Februari, Aprili na Juni. Meli haikuzama, ila shimo lipo mpaka leo, limejaa maji ya chumvi, kuna uduvi wadogo wanaishi humo.

BintiMoa

Kaka FundiTaruma, nimemsomea mjomba uzi huu wote jana usiku. Yeye alikuwa mpiga baruti zamani, aliacha baada ya vidole vitatu kumtoka. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Ana maswali mawili. La kwanza, je, wanaangalia kwanza kama kuna viumbe hapo?

FundiTaruma

Shikamoo yake mzee, na pole kwa vidole. Ndiyo, wanaangalia. Sehemu na msimu vinachaguliwa kwa kukwepa njia za nyangumi, na siku yenyewe kunakuwa na walinzi wenye darubini na ndege inazunguka. Wakimwona nyangumi, pomboo au kasa ndani ya eneo, wanasubiri aondoke. Samaki wa kawaida hawasubiriwi. Wenye kibofu wakiwa karibu, hawaponi. Swali la pili?

BintiMoa

Anasema, kwa tani 18, ni nani aliruka kuwaokota?